Picha ya Sherehe si Orodha ya Wageni

Yako malalamiko yanayosikika kila picha ya rangi za mafuta inayoonyesha gwaride inapotundikwa hadharani: sura hazitambulikani, bendera zimepakwa ovyo, mgeni wa heshima haonekani. Sisi hatukubaliani nayo.

Tarehe 30 Juni 1878 Serikali ya Ufaransa iliadhimisha sikukuu ya amani na kazi. Ilikuwa miaka saba tu tangu nchi hiyo ishindwe vitani na Prussia, na tangu damu ya wenyewe kwa wenyewe imwagike katika mitaa ya Paris. Siku hiyo Claude Monet alipanda kwenye roshani akauchora mtaa wa Montorgueil. Ukiisogelea picha hiyo, ambayo imo katika jumba la makumbusho la Orsay, huoni bendera iliyokamilika. Unaona mapigo ya brashi tu, mekundu, meupe na ya buluu, yaliyotiwa kwa haraka, mengine juu ya rangi ambayo bado mbichi. Watu walioko chini ni madoa meusi. Rudi nyuma hatua chache, na mtaa mzima unapepea, umati unasukumana, na karibu utasikia makelele yake. Anayetaka kuhesabu vifungo vya sare, kamera ipo.

Siku ile ile, katika mji ule ule, Édouard Manet alichora mtaa wa Mosnier. Bendera ni zile zile, lakini barabara ni nyeupe na karibu tupu, na pembeni anapita mtu wa mguu mmoja, ametupa mgongo, akijikongoja kwa magongo. Wengi humdhania kuwa askari aliyeumia vitani. Manet hakumpa uso. Mapigo machache ya buluu yalitosha kuwa shati lake. Hapana afisa wa itifaki ambaye angemtia mtu huyo katika orodha yake, na hata hivyo ni yeye anayetueleza amani ile ilinunuliwa kwa bei gani.

Kwa hiyo idara yoyote ya Serikali hapa Visiwani itakayoagiza picha ya gwaride la Mapinduzi, tunaiomba impe mchoraji mahali pazuri pa kusimama, imlipe kwa wakati, na isimkabidhi orodha ya watakaoonekana. Na kazi ikishatundikwa, waheshimiwa waitazame kwanza kwa mbali.