Gobori si Pambo la Ukutani

Ndugu msomaji, huko Marekani wapo watu wanaokusanya bunduki ndefu za fataki kama wengine wakusanyavyo stempu. Husifu mtutu usioliwa na kutu, kitako cha mti wa jozi, na mhuri wa karakana za serikali za Springfield na Harpers Ferry. Sheria yao ya mwaka 1968 inawapa nafasi: silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa kitu cha kale, wala si bunduki mbele ya sheria hiyo. Sina ugomvi na watu hao katika nchi yao. Ugomvi wangu ni na sisi wa Bujumbura tunaotamani kuwaiga, tukidhani kwamba gobori la babu likitundikwa sebuleni limekwisha kuwa utamaduni.

Tuanze na chombo chenyewe. Gobori hujazwa kwa mdomoni: humiminwa baruti, hutiwa risasi, kisha hushindiliwa kwa mdeki. La gumegume liliwashwa kwa cheche za jiwe, na mvua ikinyesha lilinyamaza. La fataki liliwashwa kwa kikombe kidogo cha shaba kilichopigwa na nyundo, nalo halikuogopa sana mvua. Majeshi ya Ulaya na Marekani yalipohamia kwenye bunduki zinazojazwa kwa nyuma, katika miaka ya 1860 na baadaye, magobori yaliyopitwa na wakati yalitafutiwa wanunuzi kwingine. Afrika ilikuwa miongoni mwa masoko hayo.

Wala usidhani kwamba Marekani iko mbali na habari hii. Mwaka 1833 Edmund Roberts aliweka saini mkataba wa biashara na Seyyid Said. Mkataba ule ulisema wazi kwamba bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake, lakini katika bandari nyingine zote za Sultani ziuzwe kwa yeyote atakayetoa bei kubwa. Soma tena sharti hilo. Mtawala alijikinga nyumbani kwake, bara ikaachiwa mnada. Wafanyabiashara wa Salem walileta nguo tunayoiita merikani hadi leo, na pamoja nayo bunduki na baruti. Wakarudi na pembe za ndovu. Katika jimbo la Connecticut, miji ya Deep River na Ivoryton ilitajirika kwa kuchonga pembe hizo ziwe vibao vya piano. Pembe zilifika pwani mabegani mwa watu, wapagazi wa ujira na watumwa, na bunduki zikapanda bara kwa njia ileile.

Zilifika hadi ziwani kwetu. Katika miaka ya 1880 Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu kubwa Ujiji. Alijaribu kuingia Burundi, majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamrudisha, ingawa silaha yao kubwa ilikuwa mkuki na upinde. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, vijiji vingi havikupona. Mwaka 1903, huko Kiganda, Mwezi mwenyewe alilazimika kuwakubali Wajerumani, waliokuja na bunduki mpya kuliko magobori. Basi unapolipigia msasa gobori hilo ling'ae mbele ya wageni, unang'arisha nini hasa?

Atatokea wa kuniambia, “Mwalimu, hilo ni chuma kikuukuu, halimdhuru mtu.” Si kweli. Katika eneo letu magobori bado yanaua wanyama na watu, na wapo wahunzi wanaoyaunda mpaka leo. Nchi iliyopita katika vita vilivyoanza mwaka 1993, kisha ikawaomba raia wake wasalimishe silaha, haiwezi kumwacha kila mtu ajiamulie ni bunduki ipi imezeeka vya kutosha. Mwaka 1898 ni mpaka wa Wamarekani. Si mpaka wetu.

Lakini nawapinga pia wanaotaka kila chuma kilichosalimishwa kitupwe katika lundo moja na kuvunjwavunjwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Gobori la karne ya 19 ni shahidi, na shahidi hauawi kabla ya kusikilizwa. Tunayo Makumbusho ya Taifa pale Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Na iwe desturi kwamba kabla ya kuharibiwa, kila bunduki ya zamani ikaguliwe na mtu wa makumbusho: mhuri wake, upana wa mtutu, kilima ilikotoka, na masimulizi ya aliyeileta. Inayostahili kuhifadhiwa izibwe tundu la fataki isiweze kufyatuka tena, iwekwe mahali ambapo mtoto wa Buyenzi na mtoto wa Kiganda wataiona bila kulipia heshima ya kukaribishwa sebuleni kwa tajiri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa gobori limo darini kwenu, usiliuze wala usilitundike. Kwanza kaa na wazee, uandike walichosikia juu yake: nani alilibeba, alilipata wapi, kwa kubadilishana na nini. Kisha litangaze kwa wenye mamlaka, na karatasi ile uipeleke pamoja nalo. Ukiombwa uchague kimoja cha kubaki nacho, bakiza nakala ya karatasi.