Msaada wa Tarakilishi kwa Mwendesha Pikipiki: Kipimo cha Uwanjani Hakifai Leparua

Miongoni mwa wapenzi wa mbio za pikipiki kuna mabishano yasiyokoma: mwendeshaji asaidiwe na tarakilishi kwa kiasi gani? Pikipiki ya mashindano ya leo ina vihisio vinavyopima mwendo wa kila gurudumu na jinsi chombo kilivyolala kwenye kona. Gurudumu la nyuma likianza kuteleza, mtambo hupunguza nguvu za injini. La mbele likitaka kunyanyuka, hushushwa. Wapinzani wa mitambo hii hudai kwamba inaua ustadi, na kwamba mshindi si aliyepanda bali ni mhandisi aliyeketi kibandani.

Kuhusu uwanja wa mbio, sina ugomvi nao. Mashindano ya Superbike ya Uingereza yaliuondoa msaada huo katika daraja lake kuu mwaka 2012, na mbio hazikupoteza utamu. MotoGP nayo, tangu 2016, huzilazimu timu zote kutumia programu ya aina moja. Mchezo ni kipimo cha binadamu, na asiyeweza kukosea hapimiki.

Taabu huanza hoja hii inapotoka uwanjani na kuhamia kwa mwendesha bodaboda. Utasikia ikisemwa kwamba kijana ajifunze kufunga breki kwa mkono na mguu wake mwenyewe, mashine isije ikamlemaza. Ningependa wasemao hivyo waifikirie Leparua.

Leparua ni eneo la wafugaji upande wa magharibi wa mji wa Isiolo, jirani na hifadhi ya Lewa. Njia zake ni za udongo na changarawe, zikikatwa na laga ambazo hukauka kiangazi na kufurika masika. Huko pikipiki ndiyo matatu, ndiyo lori, na aghalabu ndiyo ambulensi. Hubeba mama mjamzito, madumu ya maji, magunia ya unga, na pengine mbuzi aliyefungwa miguu. Uwanjani, aangukaye hupokewa na uwanda uliotengwa kwa ajili yake, na madaktari wako karibu. Leparua hospitali ya rufaa iko mjini Isiolo, na njia ya kumfikisha majeruhi ni ile ile iliyomwangusha. Aidha, mshindani huhatarisha nafsi yake peke yake, ilhali mwendesha bodaboda ana mtu mgongoni ambaye hakuomba kushiriki katika mafunzo. Kujifunza kwa kuanguka ni karo ghali mno, hasa inapolipwa na abiria.

Hata hivyo, tusikimbilie kutaka kila kitu. Msaada unaojadiliwa sana ni wa breki zisizokwamisha gurudumu, maarufu kwa herufi ABS, ambazo BMW ilizitia katika pikipiki zake mwaka 1988. Gurudumu likikaribia kukwama, mtambo huiachia na kuishika breki tena mara nyingi katika sekunde moja. Kwenye lami manufaa yake hayana ubishi. Kwenye changarawe mambo hugeuka: gurudumu lililokwama hujikusanyia kifusi mbele yake na kifusi hicho husaidia kusimamisha chombo, kwa hiyo mtambo unaozuia kukwama waweza kuurefusha mwendo wa kusimama. Hii ndiyo sababu pikipiki nyingi za safari za nyikani huwa na kitufe cha kuizima ABS ya gurudumu la nyuma. La mbele ni jambo jingine. Likikwama, mwendeshaji huanguka papo hapo, na hapa sioni ustadi wa kuoneana nao fahari.

Kuna kikwazo ambacho mabishano ya uwanjani hayakigusi kabisa. Pikipiki nyingi za bei nafuu zinazotumika nchini Kenya zina breki za ngoma, ambazo vibao vyake husugua ndani ya gurudumu vikivutwa kwa waya au chuma. ABS ya pikipiki huhitaji breki za mafuta. Basi kumwambia mmiliki wa pikipiki ya namna hiyo adai ABS ni sawa na kumwambia anunue pikipiki nyingine, naye pengine bado analipa mkopo wa hii aliyo nayo.

India, inakotengenezwa Bajaj na TVS tunazozipanda, ilitafuta njia ya kati. Kufikia Aprili 2019, pikipiki mpya zilizozidi sentimita za ujazo 125 zilitakiwa ziwe na ABS, na zile ndogo ziwe angalau na breki zilizounganishwa: ukikanyaga moja, magurudumu yote mawili hushikwa. Mpango huu wa pili hauna tarakilishi hata chembe, na kwa maoni yangu ndio unaoifaa Leparua kwanza. Waendeshaji wengi huiogopa breki ya mbele wakidhani itawapindua, hivyo hukanyaga ya nyuma pekee na kuacha nguvu kubwa ya kusimamisha chombo bila kutumika. Breki zilizounganishwa huitumia nguvu hiyo kwa niaba yao. Kwa pikipiki kubwa zaidi, ABS ya gurudumu la mbele pekee yatosha. Mitambo ya kuzuia mtelezo wa injini na ibaki kwa wenye farasi mia mbili.

Lakini msaada usioeleweka nao huua. Pikipiki yenye ABS huwasha taa ya njano unapowasha injini, nayo huzimika ikishaanza kwenda. Isipozimika, mtambo haufanyi kazi. Jambo hili limeandikwa katika kitabu cha maelezo, kwa Kiingereza, ilhali Isiolo Msamburu, Mturkana na Mborana huzungumza juu ya breki kwa Kiswahili. Tafsiri ya kurasa chache kama hizo haimshindi mwanafunzi yeyote wa idara zetu. Msamiati nilioutumia hapa, “breki zisizokwamisha gurudumu”, ni mrefu na sijaupenda sana. Yamkini fundi wa gereji mjini Isiolo ana neno zuri zaidi, na ingefaa tumuulize yeye kabla ya kuketi kuunda letu.