Skana ya zamani si takataka

Inatosha sasa! Mama aliyekimbia vita analeta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mwenye fotokopi anamjibu: «Skana imekufa, rudi kesho.» Imekufa kweli? Kwenye Linux kuna programu iitwayo SANE, inayotambua hata CanoScan LiDE 25 ya zamani. Ndugu wenye mashine, andikeni sane-find-scanner. Ikiiona, basi waya wa USB unafanya kazi. Kisha scanimage -L. Ikikaa kimya, ijaribuni tena kwa sudo: ikijibu, kinachokosekana ni ruhusa tu, si mashine mpya. Hayo hayachukui hata dakika tano. Cheti kikiloa mvua hemani kabla ya hiyo kesho, nani atamlipa mama huyo?