Maikrofoni Moja Yatosha Ngoma

Mzazi, mwanao akikuomba fedha za maikrofoni nne ili arekodi ngoma za kwaya nyumbani Nyansiongo, usimgombeze. Mwambie aanze na moja, ya aina ya dainamiki. Shure SM57, iliyotoka mwaka wa 1965, hustahimili kishindo cha ngoma. Ile ya kondensa husikia mno: hunasa ngoma pamoja na mvua juu ya mabati na ng'ombe wa jirani.

Nawe kijana, rekodi asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri. Ngozi hulegea kwa unyevu. Ioteshe jua kwanza. Tundika blanketi ukutani kupunguza mwangwi. Weka maikrofoni karibu na ukingo wa ngoma, sikiliza, isogeze, urudie. Ngoma iliyolegea haiponywi na maikrofoni kumi. Fedha zitakazobaki ni karo.