Biashara ya plastiki: Mtaji umo ndani ya kalibu

Wafanyabiashara wengi wanaotaka kuingia katika utengenezaji wa ndoo, beseni na viti vya plastiki huanza kwa kuulizia bei ya mashine. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mashine iliyokwisha kutumika hupatikana, tena kwa bei ya kujadiliana. Kinachomeza mtaji ni kalibu, yaani umbo la chuma ambamo plastiki iliyoyeyuka husukumwa ili iwe chombo.

Kazi yenyewe haina miujiza. Punje za plastiki, kama vile polipropilini, humiminwa kwenye faneli na kushuka katika silinda yenye moto. Parafujo kubwa inayozunguka humo huzikandamiza na kuziyeyusha kwa joto la nyuzi 200 hadi 280 hivi, kisha husukuma uji huo kwa nguvu ndani ya kalibu iliyofungwa. Maji yanayopita katika vijia vya kalibu huupoza, kalibu hufunguka, ndoo hutoka. Mara nyingi zaidi ya nusu ya muda wote huishia katika kupoza, hivyo kalibu yenye vijia vibovu humla mwenye kiwanda kidogo kidogo, hata mashine yake ikiwa mpya kabisa.

Kalibu ni ghali kwa sababu huchongwa kwa chuma kigumu na kwa vipimo vya hali ya juu. Polipropilini husinyaa kwa asilimia 1 hadi 2.5 inapopoa, na fundi lazima alijue hilo kabla ya kukata chuma. Akikosea, mfuniko haukazi, na mteja wa soko la jumla hasamehi jambo hilo.

Kwa mfano, kalibu ikigharimu shilingi milioni 40 na kutoa ndoo 10,000 tu, kila ndoo inabeba deni la shilingi 4,000. Ikitoa ndoo 400,000, deni hilo linashuka hadi shilingi 100. Siri ya kiti cha plastiki ni hiyo hiyo: Mfaransa Henry Massonnet alipotoa kiti chake mwaka 1972, kilitengenezwa kwa muda usiozidi dakika 2, na wingi ndio uliokuja kuviangusha bei viti vya aina hiyo duniani kote.

Mashine nayo ina mipaka. Hupimwa kwa tani za nguvu ya kufunga kalibu, na mashine ya tani 100 inayofaa kwa vifuniko haiwezi kutoa kiti. Umeme ukikatika, plastiki huganda ndani ya silinda na saa za kazi hupotea. Bei ya punje hufuata mafuta na gesi, nazo huuzwa kwa dola. Shilingi ikiyumba, faida ya mwezi huenda na maji.

Kwa mwekezaji mdogo mwenye soko la uhakika la bidhaa moja, njia iliyo salama zaidi ni kumiliki kalibu yake na kuipeleka kwa mwenye mashine inayokaa bure, amlipe kwa kazi. Muhimu ni mkataba utaje kwa maandishi kalibu ni mali ya nani, nani anaitunza isipate kutu, na inaweza kuchukuliwa lini. Wenye viwanda wengine huishikilia kama dhamana pindi malipo yanapochelewa.