Chupa ya Usiku



Jioni imeingia. Watu wa nyumbani wamekwisha kula, vyombo vimeoshwa, na mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu anasugua macho. Unamlaza kitandani, unamtia chupa ya maziwa mkononi, unatoka polepole. Baada ya kitambo nyumba yote imetulia. Nani atakulaumu? Umefanya kazi tangu mapambazuko, na chupa ile ni msaada wako. Lakini leo nakuomba uutazame vizuri msaada huo, maana ndani yake mna hasara.

Kesho mchana, inua mdomo wa juu wa mtoto, utazame meno ya mbele. Ukiona mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi, ujue huenda meno yameanza kuoza. Ukiona rangi ya kahawia, usikawie kumpeleka kwa mganga wa meno. Sababu ni hii: maziwa yana sukari yake yenyewe. Mtoto akilala na chupa kinywani, maziwa hukaa juu ya meno, mate hupungua kwa usingizi, na vijidudu hugeuza sukari ile kuwa asidi inayokula jino. Chai ya sukari hudhuru zaidi. Wengine husema, «Si kitu, ni meno ya utoto, yatang'oka.» Kweli yatang'oka, lakini huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Je, mpaka siku hiyo ale kwa maumivu?

Tena chuchu ya mpira ni ngumu kuosha. Masalio ya maziwa huchacha humo, na mara nyingi kuhara huanzia hapo. Kikombe kilicho wazi huoshwa upesi kwa sabuni na maji safi. Na mtoto anayejaza tumbo kwa maziwa ya chupa hukataa uji, maharagwe na mboga, mwisho hupungukiwa na damu.

Kwa hiyo waganga wengi wa watoto hushauri mtoto azoezwe kikombe tangu miezi 6, na chupa iachwe kati ya miezi 12 na 18.

Ufanyeje basi? Usimnyang'anye kwa ghafula. Ondoa kwanza chupa za mchana, ile ya usiku iwe ya mwisho. Kisha maziwa ya jioni yatoke kitandani: mpe katika kikombe kidogo, ameketi magotini pako, funda kwa funda. Akimwaga, usimkemee, futa tu. Halafu msugue meno kwa mswaki mdogo, na dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele. Baada ya hapo, akiona kiu, mpe maji matupu.

Sasa imebaki saa ngumu, yaani saa ya kilio. Hapo ndipo mama wengi hushindwa. Lakini sikiliza vizuri, mama: mtoto aliyeshiba halilii maziwa. Siku zote ameona chupa ikija na wewe ukienda. Basi kaa naye. Mshike mkono, mwimbie wimbo uliomsikia bibi yako akiimba, mfunike. Usiku wa kwanza utauona mrefu; wa nne au wa tano huenda ukawa mfupi zaidi. Ila usirudishe chupa katikati ya safari, kwa maana atajifunza kwamba kilio kirefu huileta. Sema na baba yake, na shangazi pia, ili nyumba iwe na neno moja. Kama mtoto ni mgonjwa, ngoja apone kwanza.

Kikombe kitakudai robo saa kila jioni, kukaa kando ya kitanda. Mpe mtoto robo saa hiyo. Ndiyo aliyokuwa akiitafuta katika chupa.