Mambo ya Dunia: Jeshi la Ulaya na Mkono Utoao Amri

Tangu majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari, 2022, habari zitokazo Ulaya zimejaa maneno ya ulinzi wa pamoja. Mawaziri hukutana Brussels, fedha nyingi hutajwa, na mtu asomaye habari hizo akiwa mbali aweza kudhani kwamba shauri hili ni jipya. Si jipya hata kidogo. Zaidi ya miaka 70 iliyopita mataifa 6 ya Ulaya yaliandika mkataba wa kuwa na jeshi moja, lenye vazi moja na mfuko mmoja wa fedha, na mawaziri wao wakautia sahihi. Jinsi mkataba huo ulivyokufa ni habari ifaayo kusimuliwa kirefu, kwa kuwa jambo lililouua ndilo liyasumbualo mataifa hayo hata leo.

Vita vya Korea vilianza tarehe 25 Juni, 1950. Wamarekani, waliokuwa na askari Korea na Ulaya pia, wakaona mzigo umekuwa mzito, nao wakataka Ujerumani ya Magharibi ipewe silaha tena ili isaidie kuwazuia Warusi. Neno hili liliwashtua sana Wafaransa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka 5 tu nyuma yao, na mzee wa Kifaransa mwenye umri wa miaka 85 alikuwa amekwisha kuona majeshi ya Wajerumani yakiingia katika nchi yake mara 3: mwaka 1870, mwaka 1914 na mwaka 1940. Kuambiwa sasa kwamba jirani huyo arudishiwe bunduki lilikuwa jambo gumu kumezwa.

Hapo ndipo Waziri Mkuu wa Ufaransa, René Pleven, alipotoa shauri la werevu mbele ya Bunge la Paris tarehe 24 Oktoba, 1950. Alisema Wajerumani wawe na askari, lakini wasiwe na jeshi. Askari wao watiwe katika jeshi la Ulaya, wachanganywe na Wafaransa, Waitalia na wengineo, na wote wawe chini ya waziri mmoja wa ulinzi wa Ulaya. Kwa njia hiyo Mrusi angezuiliwa, Mmarekani angeridhika, na Mjerumani angeshika bunduki bila kuwa na amri juu yake.

Majadiliano yakachukua mwaka na nusu. Mkataba ukatiwa sahihi mjini Paris tarehe 27 Mei, 1952, na Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Badala ya waziri mmoja ilitajwa halmashauri ya watu 9, na juu yake baraza la mawaziri wa nchi zote. Askari wangevaa vazi moja. Nchi iliyotia sahihi isingeruhusiwa kuwa na majeshi yake yenyewe, isipokuwa kwa mambo machache, kama vile kulinda makoloni ya ng'ambo.

Wafaransa walipoanza kuusoma mkataba huo kwa utulivu, wakaona jambo ambalo labda hawakulipima vema mwanzoni. Kamba waliyoisokota kumfunga Mjerumani ilikuwa imewafunga na wao. Jeshi la Ufaransa, lile la Napoleon na la Verdun, lingetoweka katika nchi yake lenyewe, nalo lingebaki Afrika na Indochina tu. Majenerali wakanung'unika. Wafuasi wa de Gaulle wakapinga kwa sababu ya heshima ya taifa, na Wakomunisti wakapinga kwa sababu ya Urusi, na si mara nyingi watu hao wawili walikaa benchi moja. Tena Uingereza, ambayo macho yake yalikuwa kwa dola yake ya ng'ambo, ilikataa kuingia. Wafaransa wengi wakaogopa kuachwa nyumba moja na Wajerumani bila mtu wa tatu wa kuamua.

Mabunge 4 yakaukubali mkataba: ya Ujerumani ya Magharibi, Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg. Italia ikangoja kuona Ufaransa itafanyaje. Mwezi wa Desemba 1953 Dulles, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani, akaonya waziwazi kwamba mkataba ukianguka nchi yake itabidi iyafikirie upya mambo yake na Ulaya. Lakini kitisho hakimpi mtu moyo wa kuoa. Stalin alikuwa amekufa mwezi wa Machi 1953, na bunduki za Korea zilikuwa zimenyamaza tangu Julai, hivyo hofu iliyouzaa mkataba ilikuwa imepungua. Kisha tarehe 7 Mei, 1954, ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu katika Indochina ikaanguka, na taifa lililojeruhiwa namna ile halikuwa tayari kusikia kwamba sasa litoe na jeshi lake la nyumbani.

Tarehe 30 Agosti, 1954, Bunge la Paris likapiga kura. Wajumbe hawakuulizwa hata kama wanaupenda mkataba. Waliulizwa kama mjadala wenyewe uachwe, na 319 wakasema uachwe, dhidi ya 264. Édouard Herriot, mzee wa miaka 82 aliyepata kuwa Waziri Mkuu mara kadhaa, alisema akiwa ameketi, maana miguu ilikuwa imechoka, kwamba mkataba ule ungekuwa mwisho wa Ufaransa. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, wajumbe walioshinda wakasimama wakaimba wimbo wa taifa.

Yaliyofuata yalikuwa na uchungu wake. Eden, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza, aliwakusanya wakubwa wa Ulaya mjini London, akaahidi kwamba divisheni 4 za Kiingereza na ndege zake za vita zitabaki Ulaya bara. Ahadi hiyo, ambayo kama ingalitolewa mapema pengine ingaliuokoa mkataba, ikawatuliza Wafaransa. Mapatano mapya yakatiwa sahihi Paris tarehe 23 Oktoba, 1954, na mwezi wa Mei 1955 Ujerumani ya Magharibi ikaingia NATO ikiwa na ruhusa ya kuunda jeshi lake yenyewe. Basi Ufaransa, iliyobuni jeshi la Ulaya ili Wajerumani wasiwe na jeshi lao, ililikataa jeshi la Ulaya na Wajerumani wakapata jeshi lao.

Mkulima hana haja ya kwenda Paris ili aelewe tatizo hili. Chukua mfano wa watu 10 wenye mashamba ya kahawa katika mlima mmoja, ambao wameibiwa mara kwa mara usiku. Kupatana kwamba wezi ni wabaya si kazi. Kupatana kuajiri mlinzi mmoja kwa mashamba yote nako kwaweza kumalizika kwa mkutano mmoja, na hata kuchanga mshahara wake kwawezekana. Neno linalowafanya watu waondoke mkutanoni wamekunja nyuso ni hili: usiku yowe likipigwa katika mashamba mawili kwa wakati mmoja, mlinzi akimbilie wapi, na ni nani atakayemwambia? Tena, ikiwa mlinzi ni mwana wa mmoja wao, je, wengine 9 waweza kumtuma kwenye mapanga baba yake asipotaka? Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hawakueleza jinsi ya kumchagua nahodha mmoja kati ya watu walio sawa.

NATO iliuepuka ugomvi huu kwa sababu nahodha alijulikana tangu mwanzo. Tangu Eisenhower aliposhika kazi hiyo mwaka 1951, mkubwa wa majeshi ya NATO katika Ulaya amekuwa jenerali wa Kimarekani wakati wote. Hata hivyo de Gaulle alichoka na mpango huo, akayatoa majeshi ya Ufaransa katika amri ya NATO mwaka 1966, nayo hayakurudi hadi 2009.

Shauri la kuwa na nguvu za Ulaya zenyewe likaamka tena katika vita vya Yugoslavia, wakati Wazungu wa Ulaya walipoona aibu ya kutoweza kuzima moto uliowaka mlangoni kwao bila Marekani. Tarehe 4 Desemba, 1998, Blair wa Uingereza na Chirac wa Ufaransa walikutana Saint-Malo wakakubaliana kwamba Umoja wa Ulaya uwe na uwezo wa kutenda peke yake. Mwaka uliofuata, mjini Helsinki, ikaahidiwa kwamba ifikapo 2003 patakuwa na askari 60,000 wawezao kupelekwa kazini katika siku 60. Hesabu hiyo ilibaki kwenye karatasi. Baadaye viliundwa vikosi vidogo vya askari kama 1,500 kila kimoja, vikae tayari kwa zamu. Tangu vilipotangazwa kuwa kamili, Januari 2007, miaka ikapita, vita vikatokea hapa na pale, na havikupelekwa vitani hata mara moja. Sababu moja ni kwamba gharama nyingi huangukia nchi ambayo askari wake wako zamuni siku hiyo. Mwenye zamu basi huwa na sababu nzuri ya kusema kwamba hatari si kubwa.

Hata hivyo si haki kusema kwamba Wazungu hawakupata kutenda lolote kwa pamoja, na mifano miwili iko karibu na Afrika ya Mashariki. Katika mwaka 2003 watu walikuwa wakichinjana mjini Bunia, katika Ituri, upande wa Kongo ambako Kiswahili husemwa sokoni kama kisemwavyo Kisumu. Askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwapo walikuwa wachache mno. Kwa idhini ya Baraza la Usalama, Umoja wa Ulaya ulipeleka kikosi kilichopitia Entebbe, nacho kikatuliza mji tangu Juni hadi mwanzo wa Septemba. Kilikuwa kikosi cha Ulaya kwa jina na kwa bendera, lakini askari wengi walikuwa Wafaransa na mkubwa wao alikuwa Mfaransa. Nje ya mji mauaji yaliendelea, maana kikosi hakikuagizwa kufika huko.

Mfano wa pili ni wa baharini. Tangu Desemba 2008 manowari za mataifa mbalimbali ya Ulaya zimelinda njia ya meli mbele ya pwani ya Somalia, pamoja na meli zichukuazo chakula cha msaada. Mwezi wa Machi 2009 Kenya na Umoja wa Ulaya walipatana kwamba watu walioshukiwa uharamia waletwe kushtakiwa, na mahakama za Mombasa zikapata kazi. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba amri ya manowari hizo ilitoka Northwood, Uingereza, yaani katika nchi ileile iliyokataa kuingia mwaka 1952. Na Waingereza walipoamua kuuacha Umoja wa Ulaya, ofisi ya amri ikahamishiwa Rota, Hispania, mwaka 2019.

Katika mambo yote mawili nchi moja ilikubali kutangulia, kazi ilikuwa na mipaka, na hakuna taifa la Ulaya lililohatarisha maisha yake. Vita vya Ukraine ni jambo la namna nyingine. Mwezi wa Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipa Ukraine makombora milioni 1 ya mizinga kwa muda wa miezi 12. Muda ulipokwisha, yalikuwa yamepatikana kama nusu tu. Viwanda vilikuwako, na fedha pia, lakini kila nchi ilikuwa imezoea kuagiza silaha zake peke yake na kwa kipimo chake. Tume ya Ulaya yenyewe ilieleza mwaka 2017 kwamba nchi zake zilikuwa na aina 17 za vifaru vikubwa, wakati Marekani ilikuwa na aina 1. Aidha katika mambo ya majeshi nchi moja yaweza kuzuia nyingine zote: kufikia mwaka 2024 zaidi ya yuro bilioni 6 za kusaidia silaha za Ukraine zilikuwa zimekwama kwa sababu Hungaria ilikataa.

Woga wa Urusi umewasogeza watu, hilo haliwezi kukanwa. Wadenmark, waliokaa nje ya mambo ya ulinzi ya Umoja wa Ulaya kwa karibu miaka 30, walipiga kura tarehe 1 Juni, 2022, na watu 2 katika kila 3 wakataka kuingia. Finland ikajiunga na NATO mwaka 2023 na Sweden mwaka 2024. Lakini angalia walikokimbilia Wafini na Waswidi. Wote wawili walikuwa katika Umoja wa Ulaya tangu 1995, na mkataba wa Umoja huo una kifungu kisemacho kwamba nchi moja ikishambuliwa nyingine ziisaidie kwa kila njia ziwezayo. Hofu ilipokuja hawakuona kwamba kifungu hicho kinatosha. Walibisha hodi kwenye nyumba ambayo amri imo mikononi mwa jenerali wa Kimarekani.

Ndiyo maana mashaka yaliyoonekana Washington katika mwaka 2025, kama Marekani itaendelea kubeba mzigo huo au la, yalitikisa miji mikuu ya Ulaya kuliko mizinga ya Urusi. Mwezi wa Machi mwaka huo Tume ya Ulaya ilitangaza mpango wa kupata hadi yuro bilioni 800 kwa ajili ya ulinzi, na mwezi wa Mei mawaziri wakapitisha mkopo wa yuro bilioni 150 wa kununulia silaha, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya silaha hizo itoke Ulaya. Mkopo huo huchukuliwa na kila Serikali kwa jina lake, hulipwa na kila Serikali kwa kodi za watu wake, na bunduki zitakazonunuliwa zitawekwa katika ghala za kila nchi, chini ya majenerali wake.